Maji yalifika wapi? Wanafunzi wanaoanza kupanga mji kwa kuuliza

Kuna swali ambalo wanafunzi wa upimaji ardhi na mipango miji wamelipeleka katika mitaa mingi ya Dar es Salaam: maji yalifika wapi? Swali hilo halijibiwi ofisini. Anayeulizwa husimama mlangoni pake na kuonyesha kwa mkono: hapa, usawa wa goti, mwaka ule mwingine, kiunoni, kwa jirani kule chini yaliingia madirishani. Kisha huanza kutembea, na wanafunzi humfuata na simu mkononi mpaka pale mafuriko yalipoishia. Alama zilizochukuliwa njiani zikiunganishwa, unapatikana mstari ambao picha ya setilaiti iliyopigwa siku ya jua haiwezi kuuonyesha. Huo ndio mpaka wa maji, na aliyeuchora ni mkazi.

Wataalamu wanaita kazi ya namna hii usanifu unaoanzia kwa watu. Kanuni yake ni nyepesi kuisema na ngumu kuitekeleza: anayeishi na tatizo ndiye anayelifahamu kwanza, na mtaalamu hufundishwa naye kabla ya kushika kalamu. Wahenga walilisema mapema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lililo jipya ni kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Nairobi wameigeuza hekima hiyo kuwa ramani, njia za usafiri na viwanja vya umma vinavyotumika. Kazi yao imetupa ushahidi wa kutosha kudai kwamba jambo hili lisibaki kuwa mradi wa msimu mmoja, bali liwe desturi ya kupanga miji yetu.

Mji uliokua nje ya ramani

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Nyongeza ya zaidi ya watu milioni moja kwa miaka kumi haikusubiri viwanja vipimwe. Sehemu kubwa ya wakazi wanaishi katika mitaa iliyojengwa kabla ya mpango kufika: Tandale, Manzese, Vingunguti, Keko, Hananasif na mingine mingi. Huko mtu hununua kipande cha ardhi mbele ya mashahidi na mjumbe, hujenga chumba kimoja kimoja kadiri fedha inavyopatikana, na mtaro huchimbwa na majirani baada ya mvua kuwatia hofu.

Desemba 2011 ilionyesha gharama ya mji kutojulikana. Mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haikuwa imenyesha kwa kiasi hicho jijini tangu 1954 iliua takriban watu 40 na kuwaacha maelfu bila makao. Serikali ikawapa waathirika wa mabondeni viwanja Mabwepande, nje kabisa ya jiji upande wa kaskazini. Nia ilikuwa kuokoa maisha. Lakini kwa mama lishe, mbeba mizigo wa Kariakoo au fundi aliyezoea kwenda kazini kwa miguu, Mabwepande ilikuwa mbali na riziki, na baadhi ya waliohamishwa wakarudi bondeni. Mpango ulihesabu kaya na viwanja, ukasahau kuhesabu nauli.

Mwaka huohuo wa 2011, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale kufanya kazi tofauti. Kwa kushirikiana na wakazi waliojitolea, walipita vichochoro na kuandika kilichopo: visima, vyoo, maduka ya dawa, shule, madampo, mitaro. Taarifa hizo ziliwekwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichangia na kuitumia bure. Kata ambayo katika ramani nyingi ilikuwa kama eneo tupu ikaanza kuonekana ilivyo, imejaa watu na shughuli.

Ramani ya wengi

Mbegu ya Tandale ndiyo iliyoota mwaka 2015 kwa jina la Ramani Huria. Mradi huo uliwakutanisha Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Chama cha Msalaba Mwekundu, mamlaka za jiji, Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nguvu kazi yake ilikuwa wanafunzi, mamia yao, wengi wakiwa katika mafunzo kwa vitendo ambayo kila mwaka huwalazimu kutafuta ofisi ya kuwapokea. Safari hii ofisi ilikuwa mtaani. Walipangwa pamoja na wakazi wa kata husika, kwa sababu mgeni mwenye simu na karatasi za kuandikia hafiki mbali katika mtaa ambao haumjui.

Droni zilirushwa kupiga picha za angani, na juu ya picha hizo wanafunzi wakachora nyumba na barabara. Lakini picha ya angani ina mwisho wake. Haisemi kama ule mstari mweusi kati ya nyumba mbili ni kichochoro au mtaro, kama mtaro huo una upana gani na kina gani, kama umejengwa kwa zege au ni udongo mtupu, na kama umeziba kwa taka. Mambo hayo yalihitaji mtu ashuke, apime na aulize. Aliyejua ni lini ulizibuliwa mara ya mwisho, na nani aliutupia kifusi, alikuwa jirani.

Hapo ndipo thamani ya swali la maji yalifika wapi inapoonekana. Mhandisi anaweza kukokotoa mafuriko kwa kutumia mwinuko wa ardhi na kiasi cha mvua, na hesabu hiyo ni ya lazima. Lakini katika mtaa ambao mtaro unahama kila nyumba mpya inapojengwa na kalavati moja lililoziba hugeuza mwelekeo wa maji yote, kumbukumbu ya mkazi ni kipimo ambacho hakuna chombo kilichokirekodi. Kuikusanya kwa utaratibu, mtaa kwa mtaa, ni kuifanya iweze kusimama mezani pamoja na hesabu za mhandisi.

Jambo jingine lililoibuliwa na kazi hii ni mashina, yaani vikundi vidogo vya nyumba vilivyo chini ya mjumbe mmoja. Dar es Salaam ina maeneo makubwa yasiyo na majina ya barabara wala namba za nyumba zinazojulikana na watu, lakini kila mtu anamjua mjumbe wake. Mipaka ya shina ilikuwa kichwani mwa mjumbe: kuanzia kwa fulani, unashuka mpaka mwembeni, unapinda dukani. Wanafunzi walitembea na wajumbe hao wakaichora mipaka hiyo. Faida yake ni kubwa wakati wa maradhi. Kipindupindu kilipolipuka jijini Agosti 2015, swali la kwanza la mhudumu wa afya kwa mgonjwa lilikuwa hili: unakaa wapi? Katika mtaa usio na anwani, jina la mjumbe ndilo jibu linaloeleweka, na ramani yenye mashina humwezesha mtu wa afya kujua aanzie kisima kipi.

Tazama kilichofanyika hapo. Wanafunzi hawakubuni mfumo mpya wa anwani na kuwataka watu waukariri. Walitafuta mfumo ambao watu walikuwa tayari wanautumia, wakauheshimu, wakauwekea mipaka inayoweza kusomwa na daktari, mhandisi na diwani. Huko ndiko kubuni kwa ajili ya watu.

Nairobi: matatu zikawekwa kwenye karatasi

Wakazi wengi wa Nairobi wasio na gari husafiri kwa matatu au kwa miguu. Tangu mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni za magari ya umma, njia zimekuwa zikikua kwa uamuzi wa wenye magari, madereva na abiria wenyewe. Kwa miongo minne hapakuwa na ramani kamili ya njia hizo iliyo wazi kwa umma. Mgeni alimuuliza makanga. Makanga asipoaminika, alimuuliza mama wa kibanda.

Kuanzia mwaka 2012, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakiongozwa na wahadhiri wao na kushirikiana na watafiti wa MIT na Chuo Kikuu cha Columbia vya Marekani, walipanda matatu hizo njia kwa njia. Walikaa kitini na simu zenye GPS, na kila gari liliposimama waliweka alama. Walitoka mwanzo wa njia hadi mwisho wake, wakarudi, wakapanda nyingine. Mradi huo, uliojulikana kama Digital Matatus, ulikusanya njia zaidi ya 130.

Ugumu ulijitokeza walipotaka kuzihifadhi taarifa hizo. Utaratibu wa kimataifa wa kuhifadhi taarifa za usafiri, ulioanzia Portland, Marekani, mwaka 2005 kwa ushirikiano wa kampuni ya Google na shirika la usafiri la mji huo, ulitaka ratiba kamili: basi linafika kituo hiki saa ngapi na dakika ngapi. Matatu haiondoki kwa saa; huondoka ikijaa. Baadhi ya vituo havina kibao wala kibanda, vinajulikana tu kwa mti, kituo cha mafuta au kanisa lililo karibu. Wangeweza kuamua kwamba usafiri wa Nairobi ni wa fujo na hauwezi kuandikwa. Badala yake waliulegeza utaratibu huo ukubali usafiri ulivyo, na mabadiliko hayo yakafungua mlango kwa miji mingine yenye usafiri wa aina hiyo.

Rasimu ya ramani ilipelekwa kwa madereva, wenye matatu na abiria ili waisahihishe. Mwezi Januari 2014 ikatolewa hadharani bila malipo, njia zake zikiwa na rangi kama zile za ramani za treni za chini ya ardhi, na serikali ikaipokea kuwa ramani rasmi ya usafiri huo. Mwaka 2015 njia za matatu zikaingia katika ramani za Google, na wabunifu wa programu za simu wakazitumia taarifa hizo kuwasaidia wasafiri.

Ramani hiyo ilionyesha pia kitu ambacho abiria walikuwa wakikihisi miguuni. Karibu kila mstari ulielekea katikati ya jiji. Mtu wa mtaa mmoja wa pembezoni aliyetaka kwenda mtaa mwingine wa pembezoni alilazimika kwanza kuingia mjini, ashuke, atembee hadi steji nyingine, apande tena na kulipa mara ya pili. Wenye matatu waliopewa ramani wakaanza kuona mapengo ambayo njia mpya zingeweza kuyaziba. Foleni ya katikati ya jiji, ambayo kila siku madereva hulaumiwa kwayo, ikaonekana kuwa kwa sehemu kubwa ni tatizo la umbo la njia zenyewe. Huwezi kulitibu kwa kuzifukuza matatu mjini bila kumuuliza abiria anakwenda wapi.

Kibera: wakazi watangulie

Mfano wa tatu unaanza mbali. Mwaka 2006 wanafunzi sita wa shule ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Harvard, mmoja wao Mkenya, Arthur Adeya, walianzisha shirika la Kounkuey Design Initiative na kuanza kazi Kibera, mtaa wa Nairobi. Wangeweza kufika na mchoro wa kupendeza. Badala yake walikaa na vikundi vya wakazi kuuliza wanachokitaka kwa ajili ya eneo la kando ya mto lililokuwa limegeuka dampo.

Majibu hayakuwa ya aina moja. Vijana walitaka pa kuchezea, akina mama walitaka pa kufanyia biashara, na wote walitaka mto usiingie ndani na choo kiwe karibu. Mhandisi wa mto angejenga ukuta tu. Mwalimu wa michezo angejenga uwanja tu. Kwa kuwa waliotaka yote hayo walikuwa watu walewale, eneo likajengwa likiwa na matumizi mengi kwa pamoja: kuta za mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya kuzuia mmomonyoko, ukumbi wa mikutano, sehemu ya watoto, bustani na vibanda vya biashara. Vikundi vya wakazi vilishiriki kujenga na vikabaki kuwa wasimamizi, na mapato ya shughuli za eneo hilo yakasaidia matunzo. Kazi hiyo imeendelea katika maeneo mengine kadhaa ya Kibera kandokando ya mto.

Sehemu ya mwisho ndiyo yenye somo kubwa. Miji yetu imejaa mabomba ya msaada yasiyotoa maji na vyoo vya umma vilivyofungwa kwa kufuli. Mara nyingi vilijengwa vizuri. Kilichokosekana ni jibu la swali ambalo mkazi huliuliza kabla ya mhandisi: kikiharibika, nani atalipa fundi?

Pale mji unapokubali kusikia

Kazi ya wanafunzi hupata uzito pale serikali inapokubali kuipokea. Mfano uko Mukuru, Nairobi. Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilizitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, zenye takriban kaya 100,000, kuwa eneo maalumu la mipango. Kabla ya hapo, wanafunzi na wahadhiri wa mipango miji wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa wamefanya mazoezi yao ya darasani ndani ya Mathare, mtaa mwingine wa jiji hilo, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa isiyo rasmi. Utafiti wa vyuo na wakazi huko Mukuru nao ulionyesha dhuluma iliyojificha: maskini wa Mukuru walikuwa wakilipa bei kubwa zaidi kwa kila lita ya maji kuliko watu wa mitaa ya kitajiri yenye mabomba.

Katika upangaji wenyewe, wakazi walijipanga kwa makundi ya kaya kumi kumi, yakaungana kuwa makubwa zaidi, hadi sauti ya kichochoro ikafika kwenye meza ya wataalamu. Katika miaka iliyofuata, barabara, maji na vituo vya afya vilianza kuingia.

Lakini Mukuru pia inaonya. Mwishoni mwa 2021 maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba ili kupisha barabara. Ramani nzuri, mikutano mingi na wanafunzi wenye moyo havikuweza kusimamisha tingatinga. Kuwasikiliza watu kunakamilika pale tu kinachosemwa kinapomfunga mwenye madaraka.

Deni kwa waliojibu

Ndiyo maana tusiishie kusifu. Wakazi wa mitaa inayotembelewa sana wamechoka kuulizwa. Kila muhula huleta kundi jipya lenye dodoso. Watu huacha shughuli zao, hujibu, hupigwa picha, kisha wanafunzi huandika ripoti, hupata alama, huhitimu. Ripoti hukaa katika maktaba ya chuo, na mtaro hukaa umeziba. Kumchukulia mtu maarifa yake bila kumrudishia kitu ni unyonyaji, hata unapofanywa kwa adabu na kwa jina la elimu.

Ninaamini vyuo vyetu vinaweza kulimaliza jambo hili, na havihitaji fedha ya wafadhili kuanza. Kwanza, mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa mipango miji, uhandisi, usanifu majengo, kompyuta na afya ya jamii yafungamanishwe na kata mahsusi, kundi la mwaka huu likianza lilipoachia kundi la mwaka jana, badala ya kila mmoja kuchagua mtaa mpya na kuuliza maswali yaleyale. Pili, alama isitolewe kabla ya kazi kurudishwa: ramani ichapishwe, ibandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa, isomwe mbele ya mkutano wa wakazi na isahihishwe nao. Mzee akisema mtaro huu haupiti hapa, mwanafunzi atakuwa amepata mtahini bora kuliko profesa. Tatu, wakazi wanaofanya kazi ya kuongoza na kukusanya taarifa walipwe, kwa kuwa siku ya mama ntilie au bodaboda ina thamani.

Halmashauri na kaunti nazo zina wajibu ambao sheria imekwisha kuutaja. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 10, inautaja ushirikishwaji wa watu kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Tanzania ina mikutano mikuu ya mitaa na imekuwa na utaratibu wa fursa na vikwazo vya maendeleo tangu miaka ya 2000, unaowataka wananchi waibue vipaumbele vyao wenyewe. Kinachohitajika ni ofisa anayejulikana kwa cheo chake, ambaye kazi yake ni kuzipokea taarifa za wanafunzi na wakazi, kuziweka pamoja na za serikali, na kurudi mtaani kueleza kipi kitafanyika katika bajeti ijayo, kipi hakitafanyika, na kwa nini. Wakazi huvumilia jibu la hapana lenye sababu. Kinachowavunja moyo ni kuulizwa na kunyamaziwa.

Vijana waliotembea katika vichochoro vya Tandale na kukaa katika viti vya matatu za Nairobi leo wengi wao ni wapima, wahandisi, wapanga miji na wabunifu wa programu. Wamejifunza mapema jambo ambalo ofisi nyingi hulijua baada ya hasara: mji wenye watu milioni tano una mashahidi milioni tano, na ushahidi wao haupatikani kwa kukaa mezani. Kila mwaka vyuo vyetu hupokea wanafunzi wapya wenye miguu mizima, simu mkononi na hamu ya kufanya kitu cha maana. Bonde la Msimbazi la Dar es Salaam linaweza kufurika tena masika yajayo, na wanaojua maji yatakakopita wako tayari kuwaeleza. Wakuu wa vyuo na wakurugenzi wa halmashauri wakae pamoja kabla ya msimu wa mafunzo kwa vitendo, wagawane kata, na wawatume vijana wakaulize. Kisha wahakikishe kwamba jibu lina ofisi ya kulipokea na bajeti ya kulitekeleza.